Malalamiko Kuhusu Kola ya Mbwa ya Kitanzi Isiyolegea

Tanga, Juni 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOLA YA NGOZI YA KITANZI ILIYOMKABA MBWA WANGU, NA PICHA YA PAKITI INAYOELEKEZA VIBAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu kola ya ngozi ya kitanzi, rangi ya kahawia, saizi ya kati, kwa shilingi 45,000. Nimeambatanisha risiti na picha. Naandika kwa sababu kola hiyo imemuumiza mbwa wangu, na kwa kuwa kola nyingine za aina hiyohiyo bado zinauzwa zikiwa kwenye pakiti ileile.

Tomi ni mbwa wa kienyeji, mkubwa wa mwili, mlinzi wa nyumba yetu. Asubuhi humtembeza upande wa Raskazone kabla jua halijawa kali. Siku hiyo mbuzi alikatiza barabara, Tomi akaruka, kola ikakaza. Mpaka hapo sina lawama, maana ukanda wa kola ya kitanzi hupita ndani ya pete, nayo imeundwa ikaze mbwa anapovuta. Lakini Tomi alipotulia nami nikaiachia kamba, kola haikulegea. Ilibaki imembana vilevile. Alianza kukohoa kwa kukwaruza, ulimi ukabadilika rangi, akakaa chini akijikuna shingo kwa mguu wa nyuma. Nililazimika kupenyeza vidole chini ya ngozi na kuisukuma pete kwa nguvu ndipo akapata pumzi. Daktari wa mifugo alikuta koo limevimba, akaagiza mbwa asivalishwe chochote shingoni mpaka apone, na akitembezwa atumie mkanda wa kifuani.

Nilipopiga simu dukani, kijana aliyepokea alinisikiliza kwa heshima, lakini jibu lake lilikuwa kwamba ngozi bado ni mpya, italainika. Jibu hilo silikubali. Usalama wote wa kola ya kitanzi umo katika kulegea. Kukaza, hata kamba ya katani inakaza. Kola isiyojilegeza yenyewe mara tu kamba inapoachiwa ni tanzi la kunyongea, iwe mpya au kuukuu, na haifai kufika shingoni mwa mnyama yeyote.

Niliipeleka kwa fundi viatu aliyeshika ngozi maisha yake yote, akaifumua mbele yangu. Pakiti inasema "ngozi halisi". Ndani tumekuta matabaka mawili membamba ya ngozi yaliyobandikwa kwa gundi, na katikati yake karatasi ngumu. Kwa unyevu wa hapa pwani karatasi ile ilikwisha kuvimba, ukanda ukanenepa, ukawa hautelezi tena ndani ya pete. Ngozi kwa asili yake haitelezi kama mnyororo. Ndiyo maana kola nzuri ya kitanzi hukatwa kwenye ngozi nzima ya kipande kimoja, au huviringwa ikawa ya duara, kingo zikasuguliwa na kupakwa nta, na pete ikawa pana na nzito ya kutosha kushuka kwa uzito wake. Pete yenu ni nyembamba, chuma iliyopakwa rangi ya shaba, na tayari imeshika kutu kwenye kiungo ambacho hakikuchomelewa. Kutu nayo inakwaruza ngozi na kuizuia zaidi. Hakuna kizuizi chochote kwenye ukanda, kile kipande kidogo cha ngozi au mpira ambacho huwekwa ili kitanzi kisikaze kupita kipimo cha shingo.

Hata hivyo, ubovu wa ngozi haunitishi kama ile picha ya pakiti. Inamwonyesha mbwa anatembea kushoto kwa mshikaji, na kola imevalishwa kinyume. Ukimtazama mbwa kama huyo uso kwa uso kabla ya kumvisha, kitanzi kinapaswa kuonekana kama herufi P: ukanda unaoungana na kamba upite juu ya shingo, ndipo uingie kwenye pete na kutoka upande wa mshikaji. Ukiiachia kamba, pete inashuka yenyewe na kitanzi kinafunguka. Kwenye picha yenu ukanda huo unapita chini ya koo na kupanda juu kupitia kwenye pete. Ukivalishwa hivyo unajikunja juu ya pete na kuikamata, kwa hiyo hata kola iliyotengenezwa vizuri haitalegea. Mimi nilimvisha Tomi ilivyo sahihi kwa kuwa nimefuga mbwa tangu utotoni. Anayenunua kwa mara ya kwanza atafuata picha, na ana kila haki ya kuiamini.

Chini ya picha mmeandika: "Inafaa mbwa wote. Inaweza kuvaliwa siku nzima." Maneno hayo yaondoeni. Kola ya kitanzi ni ya wakati wa kutembea au kufundisha, mbwa akiwa mkononi mwa mtu. Akibaki nayo peke yake, pete ikanasa kwenye geti, kichaka au meno ya mbwa mwenzake anayecheza naye, kila anavyohangaika inazidi kukaza. Kumfunga nayo mtini au kwenye nguzo ni hatari hiyohiyo. Mtoto wa mbwa haifai kwake, wala mbwa wenye pua fupi kama Pug na Bulldog ambao kupumua kwenyewe ni kazi, wala mwenye kikohozi cha koo au ugonjwa wa macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa shinikizo ndani ya jicho la mbwa hupanda anapovuta akiwa na kola ya shingoni, na halikupanda hivyo kwa mkanda wa kifuani. Tena huku kwetu kuna joto. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na shingo iliyobanwa inamnyima njia hiyo.

Kuhusu saizi, "ndogo, kati, kubwa" hazimsaidii mnunuzi. Kola hii hupita kichwani, kwa hiyo hupimwa mahali pawili: shingo juu kabisa nyuma ya masikio, ambako ndiko inakopaswa kukaa, na kichwa mahali kilipo kipana zaidi. Tomi ana sentimita 42 shingoni na 48 kichwani. Mhudumu wenu hakuniuliza hata kimoja.

Naomba mnirudishie shilingi 45,000 pamoja na gharama za daktari, ambazo stakabadhi zake nimeambatanisha. Lakini ombi langu kubwa ni kwamba mziondoe madukani kola zote za toleo hili, mchapishe picha sahihi, na mwandike kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba kola ivuliwe mara matembezi yanapokwisha. Wateja mlio na namba zao za simu watumieni ujumbe mapema, kwa sababu wapo ambao mbwa wao wamelala nazo usiku wa leo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani, pamoja na kola yenyewe. Nimeihifadhi kama fundi alivyoiacha, na mkitaka kuikagua mtume mtu wenu aje aione mbele yangu.

Wenu,
Mteja, Tanga

Viambatanisho: risiti ya ununuzi, stakabadhi na maelezo ya daktari wa mifugo, picha za kola na pakiti.