Gari kujaa abiria hakufupishi breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva wa Kosta na Haisi wa barabara ya Moshi–Arusha, hasa wanaoshuka mteremko wa Kikafu masika haya. Stendi ya Moshi bado nasikia wakiambiana kwamba gari likijaa linashika barabara, hivyo hata mvua ikinyesha litasimama mapema. Nimefundisha Fizikia maisha yangu yote ya kazi, na kauli hii inanitia hofu.

Inadumu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Msuguano wa tairi na lami hukua kadiri uzito unavyokua: uzito mara mbili, msuguano mara mbili. Lakini kwa kanuni ya pili ya Newton, kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni tungamo (kiasi cha maada iliyomo kwenye gari) mara mchapuko (mwendo unavyobadilika kila sekunde), kwa hiyo gari zito mara mbili linadai kani mara mbili ili lipunguze mwendo vilevile. Tungamo limo pande zote za mlinganyo, linafutika. Abiria 30 hawapunguzi hata mita moja. Wanachoongeza ni joto la breki, na breki ikichemka mteremkoni ndipo hatari inapoanza.

Tupige hesabu. Chukua mwendo wa mita kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa 2, gawa kwa 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia), kisha gawa kwa namba ya msuguano: kama 0.7 lami ikiwa kavu, kama 0.4 ikilowa. Ukiwa na kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 na kitu kwa sekunde, lami kavu inakusimamisha kwa mita 36, iliyolowa kwa mita 63. Hiyo ni tambarare. Mteremko ukishuka mita 6 kwa kila mita 100, hizo 63 za lami iliyolowa zinafika 74. Na sekunde moja ya kuona hatari kabla mguu haujagusa breki imekwishakula mita 22 nyingine. Tairi zilizoisha kashata zina hali mbaya zaidi, maana maji hayana pa kupita.

Kwa kilomita 50, lami hiyohiyo iliyolowa, tambarare, ni mita 25 tu.

Ufaransa wameweka kikomo cha mvua kisheria: barabara zao kuu za mwendo kasi ni 130 siku kavu, 110 mvua ikinyesha. Nawaomba wanaohusika na barabara zetu watuwekee kibao cha mwendo wa mvua pale Kikafu, kabla mteremko haujaanza. Na walimu wa udereva wawape wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe, kwa kalamu, kabla ya kukabidhiwa leseni.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi