Mabingwa wa dukani

Limerick, Ayalandi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na mguu wa Mama umepata nafuu. Huku salama; baridi ipo lakini tumeizoea.

Ujumbe wa sauti wa Baba Mdogo nimeusikia. Suala la mabati nitalijibu, ila kwanza lililonichoma. Eti nimesoma mpaka chuo halafu naja Ulaya kupanga maboksi dukani, na mtoto nimemwachia mpira wa kudaka kwa mikono ambao hata haueleweki. Kayasema barazani, mbele ya watu. Kaka, yameniuma sana.

Basi mwambie hivi: mabingwa wa kwanza wa Ayalandi nzima katika mpira huo, Gaelic football, walitoka mji huu ninaokaa, na walikuwa watu wa dukani. Klabu yao iliitwa Commercials, ya wafanyakazi wa maduka na biashara za hapa mjini. Chama chao cha michezo ya jadi ya Waayalandi, GAA, kilianzishwa mji wa Thurles mwaka 1884, na michuano ya kwanza ikawa ya 1887. Mtoano mtupu, ukifungwa umeaga. Hakukuwa na kuchagua kombaini ya mkoa. Klabu bingwa ya kaunti ndiyo iliyobeba jina la kaunti yake. Fainali ilichelewa mpaka tarehe 29 Aprili 1888, ikachezwa Beech Hill, Dublin: Commercials wa Limerick na Young Irelands wa Dundalk, walioiwakilisha kaunti ya Louth. Wachezaji 21 kila upande! Siku hizi ni 15.

Limerick walishinda 1-4 kwa 0-3, yaani goli moja na pointi nne kwa pointi tatu. Enzi hizo kandokando ya milingoti ya goli kulikuwa na mingine miwili, mpira ukipita hapo ni pointi, na goli moja lilizidi pointi zote hata ufunge ishirini. Kwa hiyo lile goli moja peke yake lilitosha kuwapa ubingwa. Watu waliokuwa wanauza madukani, Kaka! Na Mzee wetu je, si alipima vitambaa kwa yadi pale Barabara ya Kumi na Mbili mpaka sote tukasoma? Baba Mdogo mwenyewe ada yake ilitoka wapi?

Na mwanao Idi kachaguliwa timu ya chini ya miaka 12. Jumamosi alidaka mpira juu ya vichwa vya wenzake wawili, akaenda hatua nne, akaudunda, akaupiga kwa kushoto ukapita juu ya mtambaa panya, pointi! Kushoto kule kule kwa Mzee. Wazazi wa Kizungu wakawa wananipa mkono mmoja mmoja. Hapo nikamkumbuka Mama. Angekuwepo angepiga vigelegele mpaka refa asimamishe mchezo. Mechi ikiisha tunakunywa chai kwenye jengo la klabu, chai isiyo na tangawizi, nami nawaza vitumbua vya nje ya uwanja wa Mkwakwani.

Video nitamtumia Shangazi, simu yake ina nafasi.

Fedha za mabati nazituma Ijumaa, nusu kwanza. Zitakuja kwa jina la Mama, si kwa jina la Baba Mdogo, na fundi alipwe mbele yako.

Nduguyo