Binti mwenye sweta stendi ya Mbezi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Mimi ni mama lishe, nauza chai na chapati jirani na Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Jioni mabasi ya Njombe na Iringa yakishusha abiria, mabinti wanaoletwa kazi za ndani nawatambua upesi: Dar joto limetanda, wao bado wamevaa sweta.

Mwezi uliopita nilimkaribisha mmoja, hana hata miaka 14. Alibeba mfuko wa salfeti na kikaratasi cha daftari chenye namba ya simu. Akaniamkia shikamoo, nikampa chai.

"Unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa shangazi."

"Anaitwa nani?"

Akainama. Nikamuuliza mshahara, akasema ataambiwa akifika. Baadaye akaja mwanamke kumchukua, eti ni mtoto wa kaka yake, lakini jina la huyo mtoto hakulijua. Niliita polisi wa stendi. Mama yake alipopigiwa simu alilia. Yeye aliahidiwa kwamba binti anapelekwa kujifunza cherehani.

Mhariri, wengi wetu tukisikia usafirishaji haramu wa binadamu tunafikiria mipaka na mabinti wanaonyang'anywa pasipoti Uarabuni. Hao wapo, na dalali wao huanza na ahadi hiyohiyo ya kazi nzuri. Lakini Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa pia anayemtoa mtu Makete kumleta Tabata kwa kisingizio cha ajira, ili akatumikishwe. Na kwa mtoto, ridhaa yake au ya wazazi wake si utetezi mahakamani. Kwa hiyo "mama yake mwenyewe alikubali" si neno la kumwokoa mtu.

Linaloniuma zaidi ni sisi wa mjini. Sheria hiyo inamtaja na anayepokea. Dalali haleti mtoto mahali ambapo hakuna aliyemwagiza. Tunamlipa yeye kwanza, kisha mshahara tunautuma kwa "shangazi", na binti anaamka saa kumi usiku, analala jikoni, simu hana, kwao hawajui yuko mtaa gani. Halafu tunasema tunamsaidia.

Wajumbe wa mashina wanajua kila mpangaji mpya. Wamuulize mwenye nyumba habari za binti mgeni pia: katoka wapi, ana miaka mingapi, mzazi wake anapatikana kwa namba gani. Makondakta nao wasikubali kupakia mtoto asiye na mtu kama kifurushi, eti atapokelewa mbele.

Namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Naomba uongozi wa stendi utangaze hayo kwenye kipaza sauti kilekile kinachoita abiria wa Mbeya na Mwanza, ili binti ayasikie kabla hajapiga namba ya kwenye kikaratasi.

Mama lishe,
Mbezi Luis, Dar es Salaam