Msimlipe bingwa abaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Salaam na pole na majukumu. Naandika kuhusu hii hoja ambayo tangu mashindano ya dunia ya baiskeli kule Kigali, Septemba 2025, bado haijapoa, kwamba Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli wa Slovenia, anashinda mno mpaka mbio zimekosa utamu, na kuna watu wanafika mpaka kusema waandaaji wamtafutie namna ya kumpunguza. Jamani, hilo lilishafanyika. Lilifanyika Italia mwaka 1930, aliyefanyiwa ni bingwa wa baiskeli Alfredo Binda, na mimi mpaka leo naona hakutendewa haki, yeye na wenzake wote walioshindana mwaka ule.

Kwa wasiomjua, Binda alizaliwa 1902 Cittiglio, upande wa Varese, kaskazini mwa Italia, na ujanani akaenda Nice, Ufaransa, kufanya kazi ya plasta, huko ndo akaanza kushindana. Mwaka 1924 akaja kwao kushiriki Giro di Lombardia, mbio za siku moja, na kilichomvuta zaidi ni lira 500 alizokuwa anapewa wa kwanza kufika juu ya mlima Ghisallo. Akazichukua hizo lira, na kwenye mbio zenyewe akamaliza wa nne. Timu ya Legnano ikamwona ikamsainisha, na mwaka uliofuata akashiriki kwa mara ya kwanza Giro d'Italia, mbio za kuzunguka Italia zinazogawanywa kwa hatua, kila hatua na mshindi wake.

Sasa hapo ndo shida ilipoanzia. Mwaka 1925 kipenzi cha Waitalia alikuwa Costante Girardengo, ameshachukua Giro mara 2, watu wamejipanga barabarani kumshangilia yeye, halafu anatokea kijana wa miaka 22, mtulivu, hana makuu wala mbwembwe, anambwaga mzee wao. Wengi hawakumsamehe. Na ukisikia mtu anasema Binda alikuwa mchoyo wa ushindi mwambie aangalie 1926, alianguka siku ya kwanza akapoteza muda mwingi, akageuka kuwa msaidizi wa Giovanni Brunero mwenzake wa Legnano, Brunero akashinda Giro yake ya tatu na Binda akawa wa pili, tena akiwa ameshinda hatua 6.

Halafu ikaja 1927. Giro ya mwaka ule ilikuwa na hatua 15, yeye akashinda 12. Kumi na mbili! Na hizo sio barabara za lami mnazoziona leo kwenye runinga, ni vumbi na mawe, matairi ya akiba wamejivika mabegani, ukitaka kubadili gia unashuka unafungua gurudumu la nyuma unaligeuza, mlima unakungoja na wenzako wanaondoka. Julai mwaka huohuo ndo yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani yaliyowahusisha waendesha baiskeli wa kulipwa, kule Nürburgring Ujerumani, akashinda yeye, na wa pili alikuwa Girardengo, aliyeachwa kwa zaidi ya dakika 7. Kwa hiyo jezi ya bingwa wa dunia iliyogombewa Kigali, kwenye orodha ya wanaume wa kulipwa jina la kwanza kabisa ni la huyu fundi plasta.

1928 akachukua tena Giro, 1929 tena, na hiyo ya 1929 alishinda hatua 8 mfululizo, watu badala ya kumpigia makofi wakamzomea. Ndipo waandaaji wakaingiwa na hofu. Giro ilikuwa mali ya gazeti la La Gazzetta dello Sport, na gazeti linaishi kwa kuuzwa, kama kila mtu anajua nani atashinda kabla hata ya kuanza, nani atanunua kesho asubuhi? Wakampa lira 22,500, yaani kiasi cha zawadi ya mshindi, ili mwaka 1930 asishiriki. Akakubali.

Yeye simlaumu hata kidogo, alijua thamani ya lira moja. Nawalaumu wenye mbio. Ni kama harusi kumlipa mwimbaji bora abaki kwake ili wengine nao wasikike. Na aliyeumia zaidi kwa maoni yangu ni Luigi Marchisio, kijana wa miaka 21 aliyeshinda Giro hiyo kwa jasho lake, lakini kila anapotajwa inaongezwa kwamba Binda hakuwepo. Hakupewa hata nafasi ya kujaribu kumshinda. Na Binda hakuwa amechoka mwaka ule, alienda Tour de France, akapoteza muda, kisha akashinda hatua 2 mfululizo kule milima ya Pyrenees kabla ya kujitoa, na Agosti akawa bingwa wa dunia kule Liège, Ubelgiji, wa pili akiwa Learco Guerra.

Huyo Guerra ndo jibu langu kwa wanaolalamika. Kilichorudisha utamu wa Giro ni yeye, mtu wa Mantova mwenye nguvu za ajabu, watu wakapata wa kumpenda dhidi ya Binda. 1931 ilipoletwa jezi ya pinki ya anayeongoza, wa kwanza kuivaa alikuwa yeye. Mpinzani alikuja mwenyewe, hakuletwa kwa bahasha. Binda akachukua ubingwa wa dunia wa tatu Roma 1932, Giro ya tano 1933, kisha 1934 Giro ikawa ya Guerra, barabarani, mbele ya macho ya watu. Hivyo ndo inavyotakiwa bingwa akabidhi kiti.

Mwaka 1936 Binda alivunjika mfupa wa paja kwenye mbio za Milan–San Remo na hapo mashindano yakaisha kwake. Baadaye akawa kocha wa timu ya Italia, na 1949 alifanya kitu ambacho wengi waliona hakiwezekani, aliwaweka Fausto Coppi na Gino Bartali, mahasimu wakubwa, kwenye timu moja ya Tour, wakamaliza wa kwanza na wa pili.

Ombi langu Mhariri, mkichapa tena orodha za mabingwa wa baiskeli msianzie kwa Coppi na Eddy Merckx wa Ubelgiji. Wekeni na Binda: Giro 5, ubingwa wa dunia 3, na hatua 41 za Giro, rekodi iliyodumu mpaka Mario Cipollini alipoivunja mwaka 2003.

Msomaji wenu,
Arusha