Mke wangu alikataa jirani asingiziwe saratani yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie mke wangu, aliyefariki Machi mwaka huu hapa Igombe, Mwanza. Kwenye mazishi wasifu ulisema "aliugua kwa muda mrefu", basi. Mimi naona haitoshi. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na mwenyewe aliitaja hivyo mbele za watu tangu mwanzo.

Kazi yake ilikuwa dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri alikuwa ameshafika ziwani na ndoo zake, ananunua, anaanika, magunia yanakwenda soko la Mwaloni Kirumba. Akaanza kutokwa damu wakati hedhi ilikwishakoma, kisha kiuno kikamsumbua. Kituo cha afya kikamwandikia rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Walichukua kinyama cha kupima, majibu yakatoka.

Kabla hajaanza matibabu, wazee wa upande wangu wakaleta mpiga ramli nyumbani. Mhariri, unajua ramli chonganishi zimewafanya nini vikongwe wa kanda yetu. Wapo waliouawa kwa kuitwa wachawi, kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Mganga yule hakuchelewa, akaelekeza kwa bibi mmoja mjane, jirani yetu. Nikaona vijana wanatazamana.

Mke wangu alikuwa amelala kwenye mkeka. Akainuka, akakaza kanga yake, akasema: "Mimi nimepimwa. Huu ugonjwa unatokana na kirusi, daktari kanieleza na karatasi ninayo. Atakayemgusa bibi yule asikanyage msiba wangu." Halafu akatoka, akaenda kuketi kwa yule bibi hadi jioni, kila mpita njia amwone. Kesho yake akampelekea mwenyekiti wa mtaa taarifa. Maumivu aliyokuwa nayo siku hizo nayajua mimi niliyekuwa nikimgeuza usiku.

Wiki hiyohiyo akasimama kwenye kikoba chao akawaeleza wenzake anaumwa nini na sehemu gani. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu. Yeye hakuinamisha. Alijua kwamba huku kwetu ugonjwa usiotajwa hutafutiwa mtu.

Matibabu yalikuwa mazito. Mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya dawa kila wiki, akirudi anatapika hadi nyongo. Mtaalamu alimchora mistari ya wino tumboni, akamwambia asiisugue isije ikafutika. Mtu aliyezoea kujisugua kwa dodoki kila jioni kuondoa harufu ya dagaa, sasa akawa anaoga kwa kitambaa, anaizunguka ile mistari taratibu. Bodaboda zilimtikisa vibaya, hivyo kilima cha Bugando tulikipanda kwa miguu, mkono wake begani kwangu. Nashukuru mionzi iko hapahapa Mwanza. Miaka ya nyuma wagonjwa wa kanda hii walikuwa wakienda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Alipata nafuu, akarudi kwenye dagaa zake. Kisha ugonjwa ukarudi. Miezi ya mwisho mofini ya maji ndiyo iliyompa usingizi, na yule bibi jirani ndiye aliyekuwa akija kumkanda miguu.

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ilhali inazuilika. Chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hii, imekuwa ikitolewa kwa mabinti nchi nzima tangu 2018. Kipimo cha siki, ambayo hupakwa kwenye mlango wa kizazi, ni cha dakika chache na majibu unapewa palepale. Wenzake wa kikoba wameshakwenda kupimwa. Wawili walikutwa na dalili za awali, wakatibiwa, leo wapo kazini.

Wanaume wenzangu wa Igombe, Kayenze na Kirumba, toeni nauli, na mkiweza mwende nao. Viongozi wa dini na wanaoandika wasifu wa marehemu, kama familia imeridhia, tajeni ugonjwa kwa jina lake. Na ukiona mpiga ramli ameitwa nyumbani kwa mgonjwa, mpigie mwenyekiti wa mtaa au polisi siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mvuvi mstaafu,
Igombe, Mwanza