Barua kwa Rehema: weka kando orodha ya maneno

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Habari za Mwanza? Sisi huku wazima, ila mtoto anaota jino na usiku hatulali. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye daladala ya Mwenge, nikaona hili si jambo la kujibiwa vipande vipande kwenye simu. Leo mtoto yuko kwa bibi yake, nimepata nafasi.

Umesema unajiandaa kwa GRE, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea shahada ya uzamili Marekani, na kwamba umechapisha orodha ya maneno 1,000 ya Kiingereza na unakariri hamsini kila ukitoka zamu. Iweke kando kwanza. Fungua kurasa za udahili za vyuo vyako vitano, kimoja kimoja, uone kama kweli vinadai GRE. Tangu wakati wa korona programu nyingi za afya ya jamii kule Marekani zimeacha kuidai, na nyingine zimeifanya hiari. Mimi nililipa dola 220, na unajua mshahara wa muuguzi. Usiitoe hela hiyo kabla hujahakikisha.

Ukishajua kwamba utaifanya, hapo ndipo nina neno la kukuambia, maana mara ya kwanza niliumia. Nilijiandaa kama tulivyojiandaa kwa mitihani ya taifa ya NECTA. Unakumbuka mwalimu wetu wa hesabu, alivyokuwa akisisitiza tuonyeshe njia? Jibu likikosewa, njia ilikupa alama. Basi nikaingia kwenye chumba cha mtihani na moyo uleule, swali likinishinda nang'ang'ana nalo. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Nilikaa na swali moja la duara karibu dakika sita. Saa ya kompyuta haikunisubiri, maswali matatu ya mwisho sikuyaona kabisa. Nilipata 148 tu, na alama zao zinaanzia 130 hadi 170. Nilitoka pale nikapanda mwendokasi, nikalia kuanzia Posta mpaka Shekilango.

Kule hakuna alama za njia, Rehema. Kuna jibu tu. Na jibu baya halikupunguzii kitu, kwa hiyo usiache swali hata moja wazi. Likikugomea, chagua chochote, litie alama, songa mbele. Muda ukibaki utalirudia, maana ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kurudi nyuma. Tena sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua ugumu wa ile ya pili, kwa hiyo kuipoteza kwa ajili ya swali moja ni hasara mara mbili.

Hesabu zenyewe zisikutishe. Ni za sekondari: uwiano, asilimia, pembetatu, grafu, na kikokotoo kimo humohumo kwenye skrini. Kinachokamata watu ni haraka. Chukua kanga ya shilingi 10,000 pale Kariakoo. Mwenye duka kapandisha bei kwa asilimia 20, kisha kaishusha kwa asilimia 20. Wengi watasema bei imerudi palepale. Lakini ilipanda hadi 12,000, na asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, kwa hiyo sasa inauzwa 9,600. Au wanakupa A ni x mara x, B ni x, ipi kubwa? Ukiweka 2, A inazidi. Ukiweka nusu, B inazidi. Ukiweka sifuri, zinalingana. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua, na hilo ni mojawapo ya majibu manne wanayokupa. Mimi nilikuwa naweka 2 tu nakimbia. Siku hizi kila nikiona herufi najaribu sifuri, hasi na sehemu kabla sijagusa kitu.

Sasa maneno. Sisemi usiyasome kabisa, ila mengi yaliyoniangusha nilikuwa nayajua tangu Form Two. "Qualified" tunaiona kwenye matangazo ya kazi, lakini kwenye mtihani inaweza kuwa kauli iliyowekewa masharti, ya nusunusu. "Check" inaweza kuwa kuzuia. "Sanction" ina maana ya kuruhusu na ina maana ya kuadhibu, na sentensi ndiyo inayokuambia ipi. Kwa hiyo soma makala ndefu za Kiingereza kila siku, hata moja, na kila aya jiulize mwandishi anakubali au anapinga. Hilo lilinisaidia kuliko kadi zangu zote.

Mtihani mzima siku hizi hauzidi saa mbili. Walioufanya kabla ya Septemba 2023 walikaa karibu saa nne. Ukifungua akaunti kwa wenye mtihani utapata majaribio mawili ya bure ya PowerPrep. Usiyamalize mwezi wa kwanza kama mimi. Moja lifanye mapema ujijue ulipo, la pili litunze hadi wiki mbili za mwisho. Katikati fanya mazoezi ya kawaida, lakini saa iwe mezani kila mara.

Kuufanyia nyumbani inawezekana, ila sikushauri. Lazima uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, huruhusiwi karatasi ya kawaida, na ukiongeza umeme na intaneti yetu, roho haitatulia. Na jina unalojiandikisha liwe lilelile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wewe una "Rehema" kwenye vyeti na jina la ubatizo kwenye pasipoti, lishughulikie hilo wiki hii.

Mara ya pili nilipata 157. Kurudia ni lazima zipite siku 21, mimi nilijipa miezi mitatu, saa moja kila alfajiri kabla ya mtoto kuamka. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo hata udahili ukikwama mwaka huu hazipotei.

Ukipata tarehe, njoo siku tatu kabla, ulale kwetu. Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi nipigie, shemeji yako atakuja kukuchukua. Kitabu changu cha mazoezi nimekitenga kwa ajili yako. Majibu yangu ya penseli nayafuta kwa raba ili usiyaone. Nimefika ukurasa wa 112, zilizobaki nitamalizia wiki hii.

Wako,
Zuhura