Barua ya wazi kwa dada yangu aliyetutumia mafuta ya sili

Dada, assalaam alaykum.

Mzigo umefika salama kutoka huko Newfoundland, Kanada. Makoti yamewaenea watoto, ingawa hapa Tanga sijui watayavalia wapi. Kilichozua maneno ni ile chupa ya vidonge vya magoti ya mama. Aliniuliza ni mafuta ya nini, nikamjibu, "Ya sili." Akanikazia macho. "Najua huli wewe. Nauliza ni ya nini?" Tulicheka hadi chai ikapoa. Nilipomweleza kwamba sili ni mnyama wa baharini, ana manyoya, anazaa na kunyonyesha juu ya barafu, akanyamaza. Kisha akauliza neno moja: "Kachinjwa?"

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unakumbuka baba na kisu cha Idi. Alikuwa akikinoa nyuma ya nyumba ili mbuzi asikione, anapitisha kidole gumba kwenye makali, asiporidhika anarudi kwenye jiwe, nasi tunangoja na njaa zetu. Sasa nimesoma masharti ya Kanada ya kuwinda sili, ya tangu 2009, nikashangaa. Mwindaji ampige sili kichwani kwa bunduki au kwa rungu lenye ncha ya chuma, apapase fuvu kwa mkono ahakikishe limepasuka, akate mishipa chini ya mapezi, angoje dakika nzima damu itoke, ndipo achune. Aliyeyaandika anajua kuchinja. Ila sili hayuko nyuma ya nyumba. Yuko kwenye kipande cha barafu kinachoyumba, na mwenye bunduki yuko kwenye boti inayoyumba. Risasi ikimparaza tu, anateleza majini na jeraha lake, na hapo hakuna wa kumpapasa fuvu.

Zile picha za vitoto vyeupe zinazosambazwa mitandaoni ziache. Ulaya ilikataa ngozi zao 1983, Kanada ikakataza kuwaua kibiashara 1987. Wanaouawa sasa wengi ni waliokwisha kubadili manyoya, wenye umri wa wiki chache. Sipendi hoja ya macho makubwa. Kuku wetu hana macho ya kuliza mtu na bado ana haki ya kisu kikali.

Wala simlaumu jirani yako anayewinda sili. Uliniambia baba yake alikuwa mvuvi wa chewa, na najua uvuvi ule ulipofungwa 1992 watu wapatao 30,000 walibaki bila kazi. Babu zao wameifia kazi hii ya sili: mwaka 1914 wanaume 78 wa meli moja walikufa baada ya kuachwa kwenye barafu siku mbili, dhoruba inavuma. Na yeye mwenyewe alikuletea mapezi ya kuoka, kwa hiyo anakula anachoua. Angekuwa ni yeye na sufuria yake tu, barua hii nisingeiandika.

Kinachonikaa kooni ni hesabu. Mwaka 2006 ngozi moja ilivuka dola 100 za Kanada, wakaua zaidi ya sili 350,000. Mwaka 2009 bei ikaporomoka, Ulaya ikafunga soko lake, na idadi ikashuka chini ya 100,000. Njaa ya watu haipandi na kushuka namna hiyo. Utasema vidonge ndivyo vinavyopunguza sehemu za sili zinazotupwa. Hoja hiyo nimeigeuza pande zote, na nusu nimeikubali. Lakini mafuta huchunwa pamoja na ngozi, yakiwa yameshikana nayo, yote yanapakiwa botini. Kinachoachwa barafuni, mara nyingi, ni nyama. Baba angemwambia nini mtu aliyechinja mbuzi mia akaondoka na ngozi?

Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, ni habari nyingine. Wao sili ni chakula na vazi, na sheria ya Ulaya iliwaachia mlango. Lakini soko lilipoanguka liliwaangukia na wao, na hilo waliopiga kelele za huruma hawalisemi sana.

Usiniambie pia kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Namibia, kuanzia Julai hadi Novemba, vitoto ambavyo bado vinanyonya huuawa kwa marungu ufukweni. Huko hata barafu ya kusingizia hakuna.

Siku ukikaa na jirani yako, muulize kwa upole: mwaka ambao ngozi hainunuliwi, huwa wanatoka kuwinda wangapi? Nataka jibu lake, si langu.

Chupa iko juu ya friji, haijafunguliwa. Mama anamngoja shehe arudi safari amweleze kama huyu ni samaki au mnyama. Magoti yamepoa kidogo, lakini anasema ni kwa kuwa masika yamekwisha.

Mdogo wako.